Kitako cha Kikapu

Nimelipwa kutafsiri, si kufikiri.
Elfu arobaini kwa siku, na chai ya Mafinga juu yake.
Tumefika Rungemba saa tatu,
ukungu bado umeilalia miti ya paini.
Mkaguzi ana buti jipya na fomu ya kurasa kumi na moja:
kampuni inayouza mikoba ng'ambo,
kwenye maduka ambayo mlinzi wake huvaa suti,
inataka kujua kama mikono yake ni misafi.

Leokadia Kihwelo hakuinuka.
Alikuwa katikati ya duru, na duru haiachwi njiani.
"Kamwene," akasema. Tukaitika.

Swali la kwanza: Unafanya kazi hii kwa hiari yako?
Akamtazama mkaguzi
kama mtu aliyeulizwa anapumua kwa ruhusa ya nani.
Nikaandika: Ndiyo.

Swali la nne: Kuna watoto wanaofanya kazi?
"Huyu," akamwonyesha mjukuu anayechambua milulu,
"anajifunza. Mimi nilianza sijang'oa jino."
Fomu haina kisanduku cha kujifunza.

Swali la saba: Malighafi huvunwa kwa namna endelevu?
Endelevu, kwa Kihehe, sikuipata.
Nikauliza: Itakuwepo kesho?
Akacheka, akanyoosha kidole bondeni.
Zamani milulu ilikuwa pale,
unakata na kurudi ugali haujaungua.
Sasa pale ni vinyungu, ni nyanya,
ni pampu inayokohoa mchana kutwa.
Tunatembea saa mbili kuyafuata maji,
na maji nayo yanatukimbia.
"Lakini kampuni haikukausha bonde. Msiwasingizie.
Wanangu ndio waliolima."
Nikaliandika na hilo.
Mkaguzi akafurahi kuliko ilivyostahili.

Swali la kumi na mbili: Unaridhika na malipo?
"Wao wanauza ngapi?"
Mkaguzi akatoa mkoba wa mfano.
Bei ilining'inia kwenye kikaratasi.
Nikaigeuza kuwa shilingi kwenye simu,
nikarudia, nikidhani nimekosea nukta.
"Nyingi," nikamwambia.
"Na wewe wanakupa ngapi?"
"Kidogo."
Siku hiyo nilijua maneno mawili tu.

Akauchukua mkoba.
Hakujali kifungo cha rangi ya dhahabu,
wala mkanda wa ngozi laini kama sikio la ndama.
Akaupindua.
Kwetu kikapu hukaguliwa kitakoni:
pale kilipoanzia ndipo kisipoweza kudanganya.
Akakuna kwa ukucha, akahesabu kitu kimoyomoyo,
akatikisa kichwa: ni mkono wa Vestina wa ng'ambo ya mto,
anavuta sana upande wa kushoto tangu alipovunjika kidole.
Kisha akaingiza mkono ndani.
Ndani wameshona hariri,
imefunika kila fundo.
"Wametuzika," alisema, bila hasira,
kama mtu asemaye mvua imechelewa.
"Tena hakipumui. Tia unga humu, wiki moja, umevunda."

Amesema nini? akauliza mkaguzi.
Swali la kumi na tisa, Maelezo Mengine,
limeachiwa mstari mmoja.
Nikaandika: Hakipumui.

Baadaye nilisikia wamepata asilimia themanini na moja.
Kuna nembo ya jani la kijani, wataibandika mlangoni.
Sijui neno langu liliongeza alama au lilipunguza,
au kama kuna aliyelisoma
akadhani ni kosa la mkalimani.

Wakati wa kuaga Leokadia alinipa maharage
ndani ya kikapu kidogo, cha mkono wake.
Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hilo nalijua,
sikuhitaji kutafsiriwa.
Mwezi wa tatu huu kiko juu ya kabati, Kihesa.
Nimewaza sukari. Nimewaza kitenge.
Nimewaza kuiandika ile bei kwenye karatasi,
sifuri zote,
niikunje, niiweke ndani, nipande basi la Mafinga.

Maharage yenyewe yalikuwa matamu.
Tuliyala siku mbili.